Mkono wa Mkunga Chini ya Jabali

Mkunga hakuweza kupita penye udongo mtupu bila kusimama. Alitazama kwanza, kisha akainama, kisha akabonyeza kwa vidole viwili, kama anavyobonyeza tumbo la mjamzito akitafuta kichwa cha mtoto. Akiukuta udongo umekuwa mgumu kama sakafu, alisonya na kuendelea na safari yake. Akiukuta ni unga mtupu, hakusonya. Alipangusa vidole kwenye gauni, na mwenye uwanja akabaki na woga asioujua umetoka wapi. Nimewaona wanaume wazima wakimuuliza mara mbili, mara tatu, kwani kuna nini, Mama, naye akiwajibu kwamba anapita tu.

Alifanya kazi ya ukunga katika zahanati na vituo vya afya mpaka alipostaafu, akaja kukaa katika nyumba iliyopakana na yangu, huku mlimani Pasiansi, ua wa minyaa ukitutenganisha. Mtaa mzima ulimwita Mkunga, hata wale waliozaliwa mikononi mwa wengine. Alikozaliwa na ukoo wake sitayaandika. Wanawe waliyasoma siku ya mazishi, nao wanayajua kuliko mimi. Nitaandika niliyoyaona. Tarehe ninazo, kwa sababu nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka thelathini na moja, katika darasa la watu wazima, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na arobaini na nne, mtahiniwa wa kujitegemea. Tangu hapo sijakaa bila daftari, na kila jambo la nyumba yangu lina siku yake.

Kabla ya kumweleza yeye sina budi kulieleza jabali. Wageni wanaofika Mwanza hupenda kupiga picha mawe yetu, yalivyopandana juu ya vilima kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Sisi tunaoishi chini yake hatuyapigi picha. Jabali langu lilikuwa hatua kumi na mbili nyuma ya nyumba, upande wa juu wa mteremko, nalo lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe. Marehemu mume wangu alikichagua kiwanja kwa ajili yake. Alisema litatupa kivuli, na kwamba kitu kilichokaa mahali pamoja tangu kuumbwa kwa dunia hakitaondoka kwa sababu tumejenga sisi. Nilimwamini. Tulihamia tarehe mbili Julai, tukiwa na mapacha wetu, Kulwa na Doto, na asubuhi ya tarehe tatu nilianza kufagia.

Hapo pana jambo ambalo mtu asiyelelewa kwetu huenda asilielewe. Kwa malezi niliyopata kwa mama yangu Usukumani, uwanja wa nyumba hauruhusiwi kuwa na jani. Jani ni uvivu. Jani ni nyoka. Uwanja hufagiliwa kila asubuhi kabla ya chai, mpaka mistari ya ufagio ibaki ardhini kama nywele zilizochanwa, na mgeni akipita, nyayo zake zionekane. Nilifagia kuanzia chini ya jabali, nikashuka mpaka mlangoni, nikazunguka mpaka kwenye mfereji. Nilifagia nikiwa mjamzito wa mtoto tuliyempoteza, na nilifagia wiki ya tatu baada ya kumzika mume wangu, wakati wenzangu walidhani sitaamka kitandani. Uwanja wangu ulisifiwa. Sikuona aibu kusifiwa.

Mkunga alizungumza nami kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu, tarehe mosi Agosti, katika mwaka wa kumi na tisa wa nyumba ile. Nilikuwa nimeinama na ufagio. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa akitazama mlango wangu wa nyuma.

"Ulipohamia hapa, palikuwa na ngazi ngapi mlangoni?"

Nilimjibu kwamba ilikuwa moja, na kwa fahari nikamwonyesha kwamba sasa ziko tatu. Mume wangu aliongeza ya pili katika mwaka wa saba, na ya tatu katika mwaka wa kumi na tatu, kila ilipokuwa taabu kupanda na ndoo. Tulikuwa tukisema nyumba yetu inapanda. Tulilisema kwa furaha, hata mbele ya wageni.

"Nyumba haipandi, mwanangu," akasema. "Uwanja ndio umeshuka. Umeufagia wote ukaenda ziwani."

Akapita kando yangu bila kuomba ruhusa, akaupanda mteremko mpaka kwenye jabali, akapiga magoti. Chini yake palikuwa na ufa ambao nilikuwa nikiuona kila siku kama mtu anavyouona ufa wa ukutani. Akaingiza vidole, kisha kiganja chote. Mkono uliingia mpaka kwenye kifundo, akaushikilia humo kwa muda, uso wake ukiwa umegeuzwa pembeni, macho yamefumbwa. Nimezaa, naujua uso ule. Ni uso wa mkunga anayepima na hataki mama asome jibu. Alipoutoa mkono aliupangusa kwenye gauni, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nilianza kuogopa, na woga wangu ulikuwa wa namna yake. Haukuwa wa kupiga kelele. Ulikuwa wa kuhesabu. Nilihesabu hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka barabarani. Nilikihamishia kitanda changu chumba cha mbele, nikawaambia watu kwamba chumba cha nyuma kina joto. Nikiwa sokoni, wingu likitanda upande wa ziwa, niliacha kupatana bei na kurudi nyumbani. Nilirudi kufanya nini, sijui, jabali haliombwi. Lakini sikutaka lianguke mimi nisipokuwepo, na sikutaka lianguke nikiwepo.

Wiki mbili baadaye Mkunga alirudi na mfuko wa plastiki uliojaa vipande vya mimea vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi. Kwao Kagera, alinieleza, mtu mwenye akili hauachi udongo wa mgombani ukionana na jua. Huulaza chini ya nyasi na majani makavu mwaka mzima. Kwenye mteremko wangu nyasi kavu zingechukuliwa na mvua ya kwanza. Palihitajika mimea hai, mifupi, isiyosimama, inayotembea kwa tumbo na kutia mizizi kila inapogusa chini. Alileta marando ya viazi vitamu kwa ajili ya kufunika upesi. Alileta ukoka kwa ajili ya kushikilia. Alileta mmea mmoja wenye maua madogo ya njano, ndugu wa karanga usiozaa karanga za kula, ambao alisema ndio utakaobaki wakati mingine imechoka.

Alikuwa na namna yake ya kupanda na hakuruhusu nyingine. Pingili mbili ndani ya udongo, moja nje. Mistari ikate mteremko, isishuke nao. Kati ya mche na mche, shibiri moja. Ukimaliza kuufukia, ukanyage kwa kisigino, kwa sababu mzizi usiobanwa huvuta hewa badala ya maji. Magugu yanayochipua katikati yang'olewe kwa kuzungushwa, si kwa kuvutwa. "Usivute," aliniambia zaidi ya mara mia. "Anayevuta anachana." Kwa miezi mitano ya kwanza, mimea inayotambaa ni kazi kuliko mahindi, kwa sababu haijajua kujitetea. Watu huipanda, wakaiacha, kisha wakasema haifai.

Vipande vile alivipata wapi, hilo ni suala jingine. Mkunga, aliyekuwa hakosi misa na hakuwahi kuchukua sindano ya zahanati ikaingia nyumbani kwake, aliiba mimea. Aliiba kwenye bustani za hoteli, kwenye vyungu vya ofisi za serikali, kwenye makaburi. Mkoba wake mweusi ulikuwa na kitambaa kibichi muda wote. Aliamini kwamba mche ukiombwa na kushukuriwa haushiki, kwa hiyo kuuiba ilikuwa huruma. Jumapili moja paroko alimkuta ameinama kando ya nyumba ya mapadre, akaamkiana naye vizuri, akamsindikiza mpaka langoni, na pale langoni akamwambia kwa upole, "Mama, mkoba wako unachipua." Kweli, kikonyo kilikuwa kimetokeza. Mkunga alikirudisha ndani kwa kidole na kumwambia paroko amwombee.

Jingine lililonishangaza ni nyoka. Mimi niliogopa nyoka kama mtu yeyote. Yeye aliwaogopa kupita kiasi. Alipanda vitu vya kulala chini maisha yake yote, na hakuna siku niliyomwona akiingia kati yake bila mabuti ya mpira na fimbo ya kupigapiga mbele. Mjusi akikatiza, alishika kifua na kumtaja Bikira Maria. Nilimuuliza inakuwaje apende kitu kinachomtia hofu. Alinijibu kwamba katika kazi yake hakuwahi kuingia chumba cha kujifungulia bila tumbo kumkata, tangu mama wa kwanza mpaka wa mwisho, na mkunga asiyeogopa ni mtu wa hatari, aondolewe. Nilidhani ananifariji. Sasa najua alikuwa anajieleza.

Nifike sasa kwenye kosa langu, kwa kuwa bila hilo picha yake haitakuwa ya kweli. Katika mwaka wa pili, mteremko ulikuwa umefunikwa nusu. Ulikuwa mbaya kutazama: hapa kijani, pale upara, marando yakirukana kama watoto wasio na mlezi. Zamu ya jumuiya yetu ya kanisani kusali nyumbani kwangu ilipangwa Jumamosi ya tarehe kumi na sita Septemba. Wiki moja kabla, wanawake wawili wa jumuiya walipita kuniona, mmoja akasimama kwenye minyaa akiangalia nyuma ya nyumba. "Mama Kulwa, siku hizi unafuga?" akauliza. "Tukija Jumamosi tulete na mbuzi?" Wakacheka, nami nikacheka. Walipoondoka niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mjane akiachia uwanja wake, watu husema ameachia na mengine. Na kesho yake nilimwona nyoka, mwembamba, wa rangi ya majani makavu, akiingia chini ya marando. Sikuhitaji sababu nyingine. Ijumaa ya tarehe kumi na tano niling'oa kila kitu. Nilivuta. Jioni nilifagia, na mistari ya ufagio ikaonekana tena.

Mkunga alihudhuria sala. Aliimba, akanywa chai, akaaga. Alipita nyuma ya nyumba, nikamwona dirishani akiutazama mteremko. Kwa siku sitini na nane aliniitikia salamu na hakuongeza neno.

Mvua iliyotupatanisha sisi wawili na nusura itumalize ilinyesha Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Novemba, saa kumi alasiri. Mvua za vuli nimezizoea. Hii ilikuja kwa mshazari kutoka ziwani, na maji yaliyoshuka mlimani yalikuwa mazito, mekundu, yakibeba changarawe. Nyumba iliyo mlimani, upande wa juu wa jabali, ilikuwa imesakafiwa uwanja mzima kwa vitofali vya saruji mwaka ule, na maji yake yote, yakikosa pa kuzama, yalikuja kwangu. Nilisimama mlangoni. Nikaliona jabali likizungukwa na maji kama kisiwa. Kisha nikasikia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa fupi, ya ndani, kama mtu anayekohoa huku amefunga mdomo. Nilitoka mvuani bila viatu, nikapita penye minyaa, nikaangukia mlango wa Mkunga.

Alifungua akiwa ameshavaa mabuti. Alikuwa ameisikia naye.

Tulikaa sebuleni kwake mpaka mvua ilipokatika, mimi nikichuruzika maji, yeye akinikausha kichwa kwa taulo kwa nguvu kama anayemkausha mtoto mchanga. Nilimwomba msamaha. Akasema kuomba msamaha kwa mche uliokwisha kauka ni kupoteza muda, nimshike mkono twende tukapime. Ufa ulikuwa umeukubali mkono wake mpaka katikati ya kifundo na kiwiko. Siku iliyofuata, udongo ukiwa bado tope, tulipiga magoti sote wawili tukapanda upya, mimi mbele nikichimba kwa kijiti, yeye nyuma akikanyaga. Binti yangu Doto alikuja kutoka Usagara, anakoishi na mume wake, akatukuta na matope hadi mapajani. Alisema tunafanana na viboko. Mkunga akamjibu kwamba kiboko hana nyumba ya kuangukiwa.

Safari hii sikung'oa. Wanawake wa jumuiya walisema waliyosema, nami nikawapa matembele wakachume. Na kila tarehe mosi ya mwezi, asubuhi, niliingiza mkono wangu chini ya jabali, nikaandika kwenye daftari. Katikati ya kifundo na kiwiko. Mwezi uliofuata, pale pale. Miezi kumi na minne, pale pale. Mimea ilikutana. Upara ukafungika. Mvua ikinyesha, maji yaliyofika mlangoni yalikuwa meupe. Mmea wa maua ya njano ukapanda mpaka kwenye jabali lenyewe, ukaning'inia kwenye ufa kama pazia, na asubuhi, jua likitokea, mteremko wote uling'aa. Watu walianza kuja kuomba vipande. Niliwapa na kuwaonya wasinishukuru.

Nilikuwa mjane mwenye bustani iliyosemwa Pasiansi nzima. Nilikirudisha kitanda changu chumba cha nyuma.

Mkunga aliondoka tarehe ishirini na nane Februari, katika mwaka wa sita wa ujirani wetu. Miguu ilikuwa imevimba na macho yamebakiwa na vivuli tu. Mwanawe alimchukua akamweka kwake Nyegezi, nyumba nzuri, uwanja wote saruji. Alinipigia simu kila mwezi. Hakuuliza habari za afya kwanza kama wazee wengine. Aliuliza, "Umepima?" Nilimjibu kwamba pamefunika pote, Mama, ungeona ungefurahi. Akauliza tena kama nimepima. Nilimwambia kila kitu ni salama. Sikumdanganya, kwa jinsi nilivyoona wakati ule. Kuupima ule ufa kulimaanisha kusukuma mkono ndani ya majani nisikoona, penye giza na ubaridi, na nyoka nilikuwa sijawasahau. Tena palikuwa pazuri. Sikuona sababu ya kupachafua.

Mwaka jana, Jumanne ya tarehe kumi na tano Oktoba, alikuja. Hakutoa taarifa. Doto alikuwa amenitembelea, na ndiye aliyeisikia bajaji ikisimama chini ya njia, kisha sauti ikimwambia dereva asizime, au azime, vyovyote, lakini asiondoke. Tulishuka tukamchukua, kila mmoja mkono wake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amevaa gauni la kwendea misani na mabuti ya mpira.

Sikutaka chochote siku ile ila sifa zake. Nilimpitisha kando ya nyumba polepole, nikimweleza asichoweza kuona: ukoka pale, njano hapa, hakuna hata kiganja cha udongo kinachoonekana. Alipapasa kwa fimbo. Aliinama akashika majani kwa mkono mzima, akayaachia, akasema yameshika vizuri sana. Kisha akaomba afikishwe kwenye jabali.

Alipiga magoti kwa shida. Aliipiga fimbo mara tatu kwenye majani kufukuza alichokiogopa, akalisukuma lile pazia la kijani kando, akaingiza mkono. Ulipita kifundo. Ulipita kiwiko. Alilala ubavu, shavu likagusa ukoka, na mkono ukazama mpaka begani. Akautoa, akachukua fimbo, akaiingiza yote mpaka mwisho, akaizungusha. Haikugusa kitu. Alipoivuta ilikuja na mizizi, mirefu, misafi, isiyo na chembe ya udongo. Ilikuwa ikining'inia humo ndani hewani.

"Ulipima lini mara ya mwisho?" akauliza.

Nilifungua mdomo kumtajia tarehe. Sikuwa nayo. Mimi, ambaye ninayo tarehe ya kila jino la wanangu, sikuwa nayo.

Doto aliuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kupanda zaidi, au kujaza mawe. Mkunga alitikisa kichwa. Maji ya ile saruji ya juu, alisema, yamekuwa yakipita nyuma ya jabali, chini kwa chini, ambako mzizi haufiki.

"Majani yanashika udongo, Mama Kulwa. Jiwe hayalishiki. Nililijua hilo siku ile ya kwanza."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilipanda. Sijawahi kumpandishia sauti mtu aliyenizidi umri, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimwambia amenifanya nilale chini ya kifo miaka minane nikipalilia maua.

"Ungehama?"

Niliutazama mlango wangu wa nyuma.

"Ulikuwa umemzika mumeo miaka miwili tu. Ningekwambia hama, ungenifukuza na ungeendelea kufagia. Nikakutafutia muda. Mama ambaye njia haijafunguka humtoi mtoto kwa nguvu, unamtafutia muda. Muda umekwisha. Leo utoke."

Nilimwambia nitafikiri. Nilimwambia nyumba hii imejengwa na mikono ya mtu ninayemjua, kila tofali, na kwamba jabali limekaa miaka yote hiyo, litakaa mpaka baada ya mvua za vuli, kisha tutaona. Nilisema maneno mengi, yaliyopangika vizuri, kama ninavyoweza kusema nikiwa sitaki kusikia. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeanza kukusanyika.

Mkunga hakubishana. Alipapasa ukuta mpaka kwenye mlango wa nyuma, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, uso umeelekea jabali asiloliona, akaweka fimbo magotini.

"Basi na mimi nitakaa," akasema. "Ukitoka, nitatoka."

Doto alimsihi. Nilimsihi. Dereva wa bajaji alipanda kuuliza kama tunaendelea, akaona, akasimama mbali. Ngurumo ya kwanza ilisikika, ya mbali, huko ng'ambo ya maji. Mikono ya Mkunga ilikuwa imeishika fimbo kwa nguvu, na ile fimbo ilikuwa ikigongagonga kwenye buti lake, bila kukoma. Nilimwona. Mikono iliyotoa watoto mtaa baada ya mtaa ilishindwa kuituliza fimbo, na yeye hakuondoka.

Niliingia ndani. Nilichukua daftari, picha ya mume wangu, vyeti vyangu, na nguo zilizokuwa kwenye kamba. Doto na dereva walibeba godoro. Tulipita tukishuka na kupanda mara nne, mbele ya yule mama aliyekaa kimya, mpaka nilipofunga mlango kwa ufunguo na kumwambia, "Nimetoka, Mama."

Hakuinuka. Miguu ilikuwa imemkatalia. Tulimwinua kwa makwapa, mimi na binti yangu, na ndipo nilipoona kwamba gauni lake la misani lilikuwa limelowa kwa nyuma, na ngazi aliyokalia imelowa, ilhali mvua ilikuwa haijaanza. Doto aliona pia. Nilifungua kitenge changu cha juu, nikamfunga kiunoni, nikakaza fundo, tukashuka naye hatua kwa hatua.

Ndani ya bajaji alikaa katikati yetu. Tulipofika chini barabarani, matone ya kwanza yalianza kugonga turubai. Kisha akanishika goti.

"Nimekaa pale kitambo kidogo tu," akasema. "Wewe umekaa miaka ishirini na sita."

Ndipo miguu yangu ilipoanza kutetemeka, na haikuacha mpaka Usagara.